Daraja la Kwanza

Mama alikuwa mwongoza treni Karaganda,
zamu ya usiku, kituo cha kupanga mabehewa:
simu mbili nyeusi, na ramani ukutani
iliyotobolewa pini hadi ikawa chekeche.
Nilimpelekea nyama ya farasi kwenye kopo
na habari: nimepata mada ya tasnifu.
"Ya nini?"
"Mantiki ya daraja la kwanza."
Akacheka. "Kumbe utasafiri kwa raha,
godoro, chai, pazia dirishani."

Siyo hiyo, Mama. Ni lugha, na maneno yake machache:
kwa kila, kipo, na, au, si,
pamoja na alama moja ya kuchagua mwenyewe.
Nimechagua yako: kituo hiki kimepakana na kile.
Nitajie sifa, nami nitaiandikia sentensi,
kisha kila ramani ije mlangoni
tuone ipi inaingia, ipi inabaki kwenye theluji.

"Kila kituo kina jirani."
Kwa kila x, kipo y, na x kimepakana na y.
"Reli iendayo hurudi." Mstari mmoja.
"Hakuna njia panda yenye zaidi ya reli tano."
Hapo nilihitaji herufi saba, na jasho kidogo.

Akakoroga chai, akasema bila kuniangalia:
"Andika basi kwamba kutoka popote unafika popote."

Nikaandika: vimepakana.
Au kipo kimoja kati yake.
Au viwili. Au vitatu. Au.
Karatasi ikaisha, "au" haikuisha,
na sentensi, kwa sheria yetu, sharti iwe na nukta.

Nikamweleza tunavyothibitisha kuwa haiwezekani.
Tuseme sentensi hiyo unayo, umeifungia drooni.
Mimi naongeza majina mawili tu, A na B,
na madai, moja baada ya jingine, kama mdai wa riba:
A hadi B si hatua moja. Si mbili. Si tatu.
Chota madai yoyote, kumi, hata elfu,
nitakutandikia reli ndefu ya kuyatosha,
A mwisho huu, B mwisho ule, na njia ipo.
Na linalowezekana kwa kila fungu, lawezekana kwa jumla
(tokeo hilo tunaliita Mshikamano, usicheke).
Basi ipo ramani inayoyatimiza madai yote
na sentensi yako ya drooni ikiapa kuwa njia ipo,
ilhali A na B havifikiani milele.

Hakucheka.
Aliinuka na kijiko mkononi
akagusa juu kabisa, Norilsk:
kijireli cha kutoka machimboni hadi bandari ya Dudinka,
kisichoshikana na reli nyingine yoyote.
"Kila kituo hapa kina jirani," alisema.
"Reli iendayo hurudi. Njia panda ya reli sita hakuna.
Sentensi zako zote zinapita hapa salama salimini."

Yermukan, kaka yangu, alikwenda huko mwaka wa themanini na tisa
kuyeyusha nikeli. Barua ya mwisho ilikuwa ya Machi,
Machi ya mwaka juzi.
Na mimi nilikuwa nimekaa pale nasema A. Nasema B.

Simu ya kushoto ikalia. Mama akageuka sauti:
tani za makaa, namba za mabehewa, njia ya saba.
Alipoweka mkono wa simu, aliuliza:
"Na daraja la pili?"
La pili laweza kusema, Mama. Laweza kusema yote hayo.
Ila Mshikamano haupandi humo,
na uthibitisho hauyafikii yote yaliyo kweli.
"Sisi," akasema, "tulizoea la tatu,
mayai ya kuchemsha, na miguu ya watu usoni."

Treni ya makaa ikapita chini ya dirisha, ndefu,
nikaanza kuhesabu mabehewa, nikapotea.
Pini zikatetemeka ukutani,
zote, hata zile mbili za juu.